Dondoo muhimu: Nanasi la kuoka kwenye jiko la mkaa

Huna oveni? Jiko la mkaa na sufuria nzito yenye mfuniko bapa vinatosha.

Menya nanasi moja kubwa la Geita, toa moyo mgumu, katakata vipande vidogo. Nanasi lina maji mengi, na hapo ndipo wengi huharibikiwa. Pika vipande kwanza na vijiko 2 vya sukari na mdalasini kidogo hadi maji yakaribie kukauka. Ukiruka hatua hii, unga utakaonyunyiziwa juu utageuka uji. Msimu wa maembe, badala ya nanasi chukua embe lililoiva lakini bado gumu, likamulie ndimu. Hilo halihitaji kupikwa kwanza.

Sugua kwa ncha za vidole unga wa ngano kikombe 1, siagi nusu kikombe, sukari robo kikombe na chumvi kidogo, mpaka uwe chengachenga. Nyunyiza juu ya matunda bila kushindilia.

Moto ndio kazi yenyewe: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Oka dakika 30 hadi 40, na usifunue kabla ya 25. Juu pakiwa kahawia na mchuzi ukichemka pembeni, epua.

Tahadhari kuhusu sufuria, kwa familia za wachimbaji wa dhahabu: chombo kilichowahi kutumika kuchomea dhahabu yenye zebaki kisirudi jikoni kamwe, hata kikisuguliwa vipi. Zebaki ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Tafadhali, nunua sufuria nyingine.