Daftari la Mgonjwa: Mbona Twaahirisha Kuandika?

Tuanze kwa kukiri kosa. Somo hili lilipaswa kumfikia mhariri wiki mbili kabla. Karatasi ilikuwapo, kalamu ilikuwapo, na jambo la kusema tulikuwa nalo. Lakini kila jioni tulisema "kesho asubuhi", na asubuhi tukakumbuka shughuli nyingine. Kwa hiyo tunayoyasema leo twayasema kama wagonjwa wa ugonjwa huo huo.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye mtoto wa kifafa. Mama anapewa vidonge, na muuguzi anamwambia: "Mama, uwe na daftari. Kila kikimshika, andika." Wiki ya kwanza anaandika vizuri. Wiki ya pili inafika zamu ya kuchuma kahawa, au kwa wenzetu wa Mbamba Bay na Liuli wanaingia usipa wa kuanika, na daftari linabaki juu ya kabati. Mwezi ukiisha anakwenda kliniki. Anaulizwa, "Amepatwa mara ngapi?" Anajibu, "Mara nyingi tu, daktari."

Jibu hilo halimsaidii mtoto. Mara mbili kwa mwezi ni nyingi, na mara ishirini ni nyingi, lakini matibabu yake si mamoja. Daktari huongeza dawa, huipunguza au huibadilisha kwa kutazama kama degedege zimepungua tangu dawa ianze. Pia anataka kujua kama dawa ilimezwa. Mtoto aliyekosa vidonge siku nne kisha akaanguka hahitaji dawa kali zaidi. Anahitaji kumeza ile aliyopewa. Bila maandishi mambo haya mawili hayatofautishwi, na mtoto aweza kuongezewa dawa bure, akashinda akisinzia darasani. (Tena, dawa kama fenobabitoni isikatizwe ghafla hata kama mtoto anaonekana amepona. Kuikatiza ghafla kwaweza kuleta degedege zisizokoma.)

Basi kwa nini hatuandiki? Wengi husema ni uvivu. Sisi hatukubali. Mama anayepanda mlima na jembe alfajiri hawezi kuitwa mvivu kwa sababu ya mistari miwili ya daftari. Tumeona sababu nyingine. Wako wanaoona haya kwa mwandiko wao, maana tangu wamalize darasa la saba hawajaandika zaidi ya jina. Wako wanaongoja kuandika vizuri, kwa sentensi kamili, kama barua ya kwenda wilayani. Wako ambao kuandika "ameanguka tena" ni kama kuukubali ugonjwa, na moyo unakataa. Na sababu inayoua madaftari mengi kuliko zote ni hii: mtu akiruka siku tatu huona aibu kulifungua tena, basi huliacha kabisa.

Katika jambo hili Wamatengo wana mwalimu shambani mwao. Nani amewahi kulima ngoro za mlima mzima kwa siku moja? Nyasi hufyekwa, hulazwa kwa miraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi, shimo moja baada ya jingine. Anayesimama chini ya mlima akihesabu mashimo yaliyobaki hatashika jembe. Anayetazama shimo lililo mbele yake atalimaliza kabla jua halijawa kali. Daftari nalo lina shimo moja tu kwa siku: mstari wa leo.

Mwandishi Mwingereza Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa posta katika karne ya 19, alifanya hivyo hivyo. Alianza saa 11:30 alfajiri, akaweka saa mezani, na kujidai maneno 250 kila robo saa, kisha akaenda kazini. Aliacha riwaya 47. Wala hakungoja ajisikie kuandika.

Na kwa wanaosema hawana daftari: David Livingstone, aliyefika ziwa letu la Nyasa mwaka 1859, aliishiwa karatasi mwaka 1871 akiwa Nyangwe, katika Kongo ya leo. Aliendelea kuandika habari za kila siku juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa mmea. Mgongo wa kalenda ya mwaka jana watosha kabisa.

Tunashauri daftari likae pale pale zilipo dawa, na kalamu ifungwe kwa uzi ili watoto wasiichukue. Andikeni baada ya kumeza kidonge cha usiku, kwa maana jambo jipya hushika likifungwa kwenye zoea la zamani. Andikeni tarehe, saa, dakika ngapi, alikuwa macho au usingizini, ana homa au hana, dawa amemeza au hakumeza. Siku ya salama wekeni duara. Siku ya degedege wekeni msalaba. Asiyejua kuandika aweza kufanya hivyo, au amwite mtoto wa shule. Mkiruka siku, andikeni "sikuandika" na mwendelee. Baba anayerudi asubuhi kutoka ziwani na taa yake naye atasoma yaliyotokea usiku. Lakini degedege ikizidi dakika tano, acheni kalamu, mpelekeni mtoto hospitali mara moja. Na povu la kifafa haliambukizi. Mshikeni, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni.

Neno moja kwa anayeuguza. Nyuma ya daftari hilo acheni kurasa zenu wenyewe. Mwaka 1986 nchini Marekani, mtaalamu wa saikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walitangaza matokeo ya jaribio dogo. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Wale walioandika yaliyowaumiza pamoja na hisia zao walihuzunika kwanza, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Si dawa ya kila kitu, na majaribio ya baadaye hayakutoa matokeo sawa yote. Ila mama aliyekesha miaka sita na mtoto ana mengi ambayo hajamwambia mtu, na ukurasa haumkatizi.

Siku ya kliniki njooni nalo lilivyo. Likiwa na masizi ya jikoni, au kurasa tatu tupu katikati, au limelowa ndani ya mtumbwi, lianikeni kidogo juani na mje nalo hivyo hivyo.