Jua Kali

Baraka iko kando ya ziwa Tanganyika. Fizi iko juu mlimani. Kwa hiyo Baraka kuna joto kupita Fizi. Mwezi wa 9, mwisho wa kiangazi, mchanga wa ziwani huchoma nyayo.

Watoto, anayeanika ndagala mchana hutoka jasho jingi. Jasho hupoza mwili, lakini huondoa maji na chumvi. Asipokunywa, kichwa kitamuuma, ataona kizunguzungu, atataka kutapika. Mpeleke kivulini, mlaze, mpe maji kidogo kidogo.

Lakini akisema maneno yasiyo na maana, au akizimia, na mwili ni moto sana, anaweza kufa. Usimnyweshe kitu: kitampalia. Mmoja ammwagie maji mwili mzima na kumpepea. Mwingine akimbie kuita wakubwa, wampeleke hospitali upesi.

Tufanye kazi asubuhi na jioni. Tuvae kofia. Tunywe maji yaliyochemshwa mbele ya kuona kiu. Tuwapelekee wazee maji, maana mara nyingi hawasikii kiu. Mama amnyonyeshe mtoto mchanga mara kwa mara.

Maulizo
1. Jasho lina kazi gani?
2. Mwenzako amezimia juani. Utafanya nini kwanza?