RAMADHANI SIKU YA 14: Kusimamisha tiba si kukata tamaa

Wapo wanandoa wa miaka arobaini na kitu, wamepandikiza mimba mara mbili, tatu, haikushika. Wanauliza: tukiacha, tumekata tamaa na rehema ya Allah?

Hapana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, Amman 1986, liliruhusu tiba hii kwa yai la mke na mbegu za mume, ndani ya ndoa. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Na daktari akikwambia baada ya miaka 43 mayai yako yana nafasi ndogo mno, hiyo ni elimu, si kukosa imani.

Basi kaeni wawili, mpime: mwili wa mke unahimili? Tunakopa? Tunajaribu kwa sababu tunataka, au tunaogopa maneno ya ukweni? Wekeni kikomo kabla ya kuanza, kisha swalini istikhara.

Nabii Zakariya aliomba uzeeni akapewa Yahya. Bibi Aisha hakujaaliwa mtoto, naye ni Mama wa Waumini. Wote wawili wana daraja kwa Allah.

Sindano zina mwisho, dua haina. Na sisi wengine, kwenye futari leo tusiwaulize "vipi, bado?" Tuwaombee kimyakimya. Aamin.