Kumkanda Mzazi Bila Kumbabua

Mzazi akirudi nyumbani, iwe Kikuyu au mtaa mwingine wa Dodoma, beseni la maji ya moto humfuata chumbani siku hiyohiyo. Kijitabu hiki hakimfukuzi bibi na taulo lake. Joto la kiasi hulegeza misuli na kutuliza mgongo. Ila halitoi "damu chafu", wala halirudishi tumbo: mfuko wa uzazi husinyaa wenyewe kwa wiki 6 hivi, na kunyonyesha huusaidia.

Joto hutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kilichopoa. Taulo likigusa tumbo, joto huingia moja kwa moja kwenye ngozi, na maji hulipitisha zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ndiyo maana taulo linalochuruzika huunguza kuliko lililokamuliwa: maji yake hutiririka hadi kwenye mikunjo ya kinena na kutuama humo. Mvuke ni hatari zaidi, maana ukigeuka maji juu ya ngozi huachia joto jingi kwa mpigo. Mzazi asikalishwe juu ya ndoo inayofuka.

Hapa Dodoma, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ya nyuzi 60 tu huunguza vibaya kwa sekunde 5. Kwa hiyo tangulizeni maji ya baridi kwenye beseni, ndipo muongeze ya moto. Na mkandaji asipime kwa kiganja! Kiganja kilichozoea kuepua sufuria jikoni kina ngozi nene; maji kinayoyaona vuguvugu yanaweza kumbabua mkamwana. Apime kwa kiwiko, akamue taulo, kisha aliweke kwanza kwenye mkono wa mzazi. Akisema, "Mama, yanachoma," basi yanachoma. Hadeki.

Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo mpaka mhudumu wa afya aruhusu. Mwenye ganzi, kama baadhi ya wagonjwa wa kisukari, anaweza kuungua bila kuhisi.

Mkimaliza, mkausheni upesi na kumfunika. Upepo mkavu wa Juni na Julai hukausha maji mwilini na kuondoka na joto lake.

Akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20; msipake dawa ya meno wala mafuta, kisha mpelekeni kituo cha afya. Akitokwa damu nyingi au akipata homa, acheni kukanda, mpelekeni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.