SOMO: GARI LA MTUMBA NA HESABU ZA UKAGUZI



Kununua gari la mtumba si sawa na kununua jembe. Mpini wa jembe ukivunjika, unachonga mwingine. Lakini gari bovu linameza fedha za kikundi kizima. Na breki zikifeli kwenye mteremko, linameza watu pia.

Wauzaji wengi husema, "Aina hii haisumbui. Kila mwaka inapita ukaguzi." Je, maneno hayo yanatosha? Leo tutajifunza namna ya kuyapima. Mfano wetu ni nchi ya Uingereza. Kule matokeo ya ukaguzi huwekwa na serikali, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma. Tena magari ya kule yana usukani kulia kama yetu, na baadhi yake huuzwa Afrika Mashariki yakiisha kutumika.

UKAGUZI WA UINGEREZA

Ukaguzi huo ulianza mwaka 1960. Mwanzoni ulihusu magari yenye umri wa miaka 10 au zaidi. Tangu mwaka 1967 gari dogo hukaguliwa likifika miaka 3, na baada ya hapo kila mwaka. Huko Ireland ya Kaskazini wanaanza likifika miaka 4.

Mkaguzi hutazama breki, usukani, tairi, taa, springi, mikanda, vioo, wipa, honi na moshi. Hutazama pia kama kutu imekula chuma kinachobeba gari. Kashata za tairi zisipungue milimita 1.6. Mwaka 2018 ubovu uligawanywa mafungu matatu: wa hatari, mkubwa na mdogo. Gari lenye ubovu wa hatari au mkubwa halipiti. Lenye ubovu mdogo tu linapita, lakini mwenyewe anaambiwa alitengeneze.

Katika kila magari 10, karibu 3 hushindwa mara ya kwanza. Sababu kubwa ni taa, springi, breki na tairi.

TUPIGE HESABU

Asilimia maana yake ni "katika kila mia". Hebu tufanye mfano. Hesabu hizi ni za kujifunzia tu.

Tuseme kuna aina mbili za gari, A na B.

Aina A: yalikaguliwa magari 40, yakapita 30.
30 gawanya kwa 40, zidisha kwa 100 = asilimia 75.

Aina B: yalikaguliwa magari 200, yakapita 140.
140 gawanya kwa 200, zidisha kwa 100 = asilimia 70.

Mtu mwenye haraka atasema, "Basi, A ni bora." Ngoja kwanza! Uliza umri. Tuseme magari yale ya A yalikuwa na miaka 4, na yale ya B miaka 12. Huwezi kushindanisha kijana na mzee. Tutafute magari ya A yenye miaka 12. Tuseme yalikaguliwa 200, yakapita 110. Hiyo ni asilimia 55 tu. Sasa tunaona kwamba katika umri ule ule, B ndiyo iliyovumilia zaidi.

Kwa hiyo ukitajiwa asilimia, uliza maswali matatu: Ni katika magari mangapi? Yalikuwa na umri gani? Yalishindwa kwa sababu gani?

Swali la tatu lina uzito wake. Gari linaweza kushindwa kwa sababu ya balbu moja iliyoungua. Balbu ni fedha kidogo. Jingine linashindwa kwa sababu kutu imetoboa chesisi. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma. Gari la namna hiyo linaweza kung'aa juu huku chini limeoza. Magari yote mawili yameandikwa "limeshindwa", lakini hasara zake hazilingani.

MAMBO AMBAYO CHETI HAKISEMI

Kwanza, cheti kinaeleza hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Hakiapi kwamba kesho litakuwa zima.

Pili, ukaguzi wa Uingereza haupimi uzima wa injini, klachi wala giaboksi. Kumbuka sana jambo hili. Gari linaweza kupita ukaguzi asubuhi, na jioni injini ikafa. Wala mkaguzi hana kosa, kwa sababu kazi yake ni kutazama usalama wa barabarani na moshi.

Tatu, asilimia ni ya kundi. Wewe hununui kundi, unanunua gari moja. Ikiwa asilimia 75 hupita, basi 25 katika kila mia hushindwa. Gari lako liko upande gani? Aina nzuri iliyofanywa teksi bila kubadilishwa oili inaweza kuwa mkweche. Aina yenye sifa ndogo, ikitunzwa, inaweza kukufaa.

SOMA HISTORIA YA GARI LENYEWE

Ukiuziwa gari lililoko Uingereza, omba namba yake ya usajili ya kule. Kwa namba hiyo, mtu mwenye simu ya intaneti anaweza kusoma historia ya ukaguzi katika tovuti ya serikali yao bila malipo. Ataona tarehe, kupita au kushindwa, sababu zake, na maili zilizosomwa. Maili moja ni karibu kilomita 1.6.

Tazama mfano huu:

Mwaka 2019: maili 90,000
Mwaka 2021: maili 110,000
Mwaka 2023: maili 60,000

Je, gari hutembea kinyumenyume miaka miwili? Hapana. Labda mtu alikosea kuandika, au mita imerudishwa nyuma ili gari lionekane jipya. Usilipe mpaka upate maelezo ya kuridhisha.

KABLA YA KULIPA

Kama gari limekwisha kufika nchini, nendeni watu wawili au watatu pamoja na fundi wenu. Msitumie fundi wa muuzaji. Fanyeni hivi:

1. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa. Bakiza mguu, kisha washa. Pedali ishuke kidogo tu. Ikiendelea kuzama polepole, huenda mafuta ya breki yanavuja.
2. Tazama tairi zote nne na ya akiba. Tairi ikiwa imelika upande mmoja, uliza kwa nini.
3. Washa taa zote na indiketa. Mwenzako asimame nje atazame.
4. Ingieni chini mgonge chesisi. Palipooza hutoa sauti tofauti.
5. Washa injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu unaonyesha inaunguza oili.
6. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, huenda maji yameingia.

Andikeni mliyoyaona katika daftari. Muuzaji asiyetaka gari lake likaguliwe, mwacheni na gari lake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Magari 80 yalikaguliwa, yakapita 60. Ni asilimia ngapi?
2. Kwa nini si haki kulinganisha gari la miaka 4 na la miaka 12?
3. Taja vitu vitatu vya gari ambavyo cheti cha Uingereza hakivipimi.
4. Kikundi chenu kikitaka gari la kupeleka mazao sokoni, nani watakwenda kulikagua, na nani ataandika?

Jadilini na wenzenu. Fedha mliyochanga shilingi kwa shilingi isitoke mkononi kabla macho yenu hayajasoma.