Kitabu Kilichomo Nyumbani

Mwaka 1521 askari mmoja wa Hispania, Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona. Alipokuwa amelazwa nyumbani kwao, aliomba hadithi za mashujaa wa vita apate kupitisha siku. Hazikuwamo. Vilivyopatikana ni maisha ya Kristo na maisha ya Watakatifu. Akavisoma kwa kukosa vingine. Akainuka kitandani mtu mpya.

Enyi akina baba na mama, mtoto wenu akilala mgonjwa, ataona kitabu gani karibu naye?

Pamoja na Injili, wekeni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ambacho nimekisoma tena majuzi. Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita walioitumikia nchi yao, wakalipwa kifungo. Mwandishi alikuwa Mwislamu. Haki anayoitetea ni ya watu wote. Kisomeni jioni kwa sauti, kidogo kidogo, kisha waulizeni watoto: ni nani aliyetenda haki?

Kitabu kilichomo nyumbani huingojea saa yake. Kisichokuwamo hakimwokoi mtu.