Shabaha ya Mishale Inayodumu kwa Mazoezi ya Nyumbani Mulekera

Shabaha, yaani kitu kinachowekwa ili kupokea mishale wakati wa mazoezi, husimamisha mshale kwa msuguano wala si kwa ugumu, na asiyezingatia tofauti hiyo huishia kuvunjia mishale yake kwenye ubao au shina la mkaratusi. Mshale wa gramu 30 unaoruka kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde hubeba nishati ya takriban juli 30, ambayo hupaswa kumalizwa kidogo kidogo na matabaka laini yanayoubana uti, yaani kile kijiti chenyewe kinachobeba ncha na manyoya.

Katika Mulekera, komini ya mji wa Beni, adui mkubwa wa shabaha ni maji na mchwa kuliko mishale, kwa kuwa mji uko karibu na ikweta na mvua haikai mbali kwa muda mrefu. Majani makavu ya migomba yaliyofungwa kwa kamba hupokea mshale vizuri mno, lakini huoza upesi. Katoni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kubanwa kati ya mbao mbili hudumu zaidi, mradi zisilowe. Kinachostahili kupendekezwa kwanza ni gunia la plastiki iliyofumwa, lile la mchele au sukari, lililojazwa matambara ya nguo zilizochakaa. Matambara ya nyuzi za viwandani ni bora kuliko ya pamba, kwa sababu pamba hushika maji, huvunda na huvutia mchwa. Kila kifungo na kila zipu sharti ving'olewe, kwani ncha ikigonga chuma hupinda na uti hupasuka. Kisha matambara yashindiliwe kwa miguu, kona kwanza na katikati baadaye, mpaka ngumi ikipigwa isizame.

Aina ya ncha nayo huamua umri wa gunia. Waefe wa msitu wa Ituri, wanaosifika kwa kuwinda kwa pinde, hupiga nyani kwa mishale ya mti mtupu iliyopakwa sumu, na wanyama wakubwa zaidi kwa mishale yenye bapa la chuma. Bapa la namna hiyo hukata gunia kama kisu, hivyo mazoezi yafanywe kwa ncha za mviringo zenye uzito uleule, na kamwe yasifanywe kwa mshale uliowahi kutiwa sumu.

Kanuni za mashindano ya kimataifa huweka kitovu cha shabaha sentimita 130 kutoka ardhini, kipimo kinachofaa hata nyumbani, ingawa umbali wa mita 70 wa Olimpiki hauwezekani katika ua wenye majirani pande zote. Mita 5 hadi 10 zinatosha. Nyuma ya gunia pawe na tuta la udongo lililo pana na refu kuliko shabaha, na njia ya watoto isipite hapo. Gunia lining'inizwe chini ya paa, lisiguse ardhi, na kila juma ligeuzwe ili upande mmoja usichoke peke yake. Mshale huchomolewa kwa kushika uti karibu kabisa na gunia, mkono mwingine ukilisukuma, na kuvuta moja kwa moja bila kutikisa. Uso wa gunia ukianza kutatuka, gunia jipya huvalishwa juu ya lile la zamani, na matambara mengine huongezwa kabla mdomo haujashonwa.